Fimbo ya Siterne

Koko, bibi yangu, alipozikwa, shangazi zangu waligawana vitu vyake bila ugomvi. Mmoja akachukua vitenge, mwingine sufuria kubwa za sherehe, mwingine picha ya Bikira Maria iliyokuwa juu ya kitanda chake. Zamu yangu ilipofika nikaomba fimbo.

"Fimbo gani?" akauliza shangazi mkubwa.

"Ile ya siterne."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akasema, "Angalia, huyu alisoma sana, sasa shule imemurudilia." Lakini walinipa. Fimbo ilikuwa nyuma ya jiko, ikisimamisha kamba ya nguo. Ni mti wa mkaratusi, umenyooka, mrefu kumzidi mtu mzima, umelainishwa na viganja vya Koko mpaka unang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Nilipoushika nilisikia harufu ambayo sikuitarajia, harufu ya saruji yenye unyevu, ya mahali penye giza ambapo maji yamelala muda mrefu. Huenda haikuwa kwenye fimbo. Huenda ilikuwa kichwani mwangu tu. Kwa vyovyote vile, siku hiyo nilirudi nyumbani na fimbo begani na watu wa njiani wakiniangalia.

Kwa msomaji asiyejua Goma, inafaa nieleze jambo moja. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, na mawe hayo hayashiki maji. Mvua ikinyesha hata kwa nguvu kiasi gani, baada ya muda mfupi ardhi imeinywa yote na hujui imeenda wapi. Hakuna kuchimba kisima. Kuna ziwa huko chini, na kuna paa la nyumba yako. Aliyekaa mtaa wa Murara kama sisi alijua kwamba kwenda ziwani ni mteremko na kurudi ni mlima, na bidoni, yaani dumu la maji, likijaa ndipo unapanda. Kwa hiyo marehemu babu, kabla hajajenga hata choo kizuri, alijenga siterne. Ilikuwa tangi la mawe meusi, limepakwa saruji ndani, nusu limezama ardhini na nusu limesimama nje kufikia kifua cha mtu. Mifereji ya bati ilizunguka paa letu lote na kumwagia humo. Juu kulikuwa na kifuniko cha chuma.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Koko alifunua kifuniko, akateremsha fimbo mpaka igonge chini, akaitoa na kuangalia unyevu umeishia wapi. Babu alikuwa ameikata alama kwa kisu. Maji yakifika alama ya juu, tulifua chochote tulichotaka, hata mablanketi. Yakishuka alama ya pili, tulifua nguo za shule na za misa tu. Ya tatu, kuoga kukawa uso na miguu. Ya nne, kunywa na kupika peke yake. Koko hakutangaza kwa maneno mengi. Alisimama katikati ya parsele, kiwanja chetu, mwanamke mkavu kama mfupa, mwenye funguo kiunoni, akasema, "Leo ni uso na miguu," nasi tukajua.

Chini kabisa, karibu na ncha, palikuwa na kitambaa chekundu kilichofungwa kwa uzi. Sikujua ni cha nini. Katika maisha yangu yote maji hayakuwa yamewahi kushuka mpaka pale.

Mwaka ninaoukumbuka, nilikuwa naishi na Koko na kaka yangu Kambale. Papa na Mama walikuwa wamekwenda Butembo na biashara yao ya vitambaa, vita ikafunga barabara nyuma yao. Walituma salamu kupitia watu waliozunguka mbali, na kila salamu ilisema vilevile, kwamba wako salama, wamepata pa kulala kwa watu wa parokia, tumsikilize Koko. Upande wa Sake tulisikia mabomu mchana, sauti kama ya mtu anayesukuma kabati kubwa katika nyumba ya jirani. Watu waliingia mjini wakiwa na magodoro kichwani.

Miongoni mwao walikuwa Mama Solange na binti yake. Walitoka kwenye vilima vya Masisi. Mume alibaki nyuma na ng'ombe. Ndivyo walivyosema, na hakuna aliyeuliza zaidi. Koko aliwakuta wameketi kwenye ngazi za kanisa baada ya misa ya asubuhi, akamwangalia Mama Solange tumboni, akasema, "Hapa unangojea nani?" Mama Solange akasema hangojei mtu. "Basi ingia njia," akasema Koko, na akatangulia bila kugeuka nyuma kuona kama wanamfuata. Walipewa chumba cha wazazi wangu.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuangalia. Koko alikuwa akisema, "Huyu Kahindo anauliza kama polisi wa mupaka." Nilikuwa nikikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufuatilia nani ameingia, nani ametoka, nani amebeba nini. Kwa Solange nilipata kazi ya kutosha. Alikuwa wa umri wangu, mwembamba, na aliweza kupiga mluzi wa kuita ng'ombe ambao ulifanya mbwa wote wa mtaa wanyamaze. Aliogopa mawe yetu meusi kwa sababu yalimkata miguu. Na asubuhi ya kwanza alipomwona Koko akichovya fimbo, aliangua kicheko.

"Kwenu maji inapimwa kama kitenge?"

"Na kwenu?"

"Kwetu inatoka mu kilima. Inakuya yenyewe, usiku na muchana. Ng'ombe anakunywa, mutu anakunywa, na ingine inaenda tu."

"Inaenda wapi?"

Alifikiri. Hakuwa amewahi kujiuliza. "Inaenda kwa benye kuwa chini," akasema.

Nilimpenda kuanzia hapo. Tulilala kitanda kimoja, tukasukana nywele, tukagombana juu ya blanketi. Usiku alininong'oneza majina ya ng'ombe wao, mmoja mmoja, na mimi nikamfundisha kuruka kutoka jiwe hadi jiwe bila kuumia. Nilikuwa sina dada. Sikutaka aende kokote.

Kiangazi cha mwaka huo kilikataa kwisha. Mvua za kabla yake zilikuwa za kudanganya, wingu linakuja juu ya ziwa, linatuangalia, linapita kwenda upande mwingine. Volkano ilipumua kila siku, na upepo ukatuletea vumbi jeusi lililokaa juu ya mabati, juu ya majani ya migomba, juu ya nguo kambani. Ulipopitisha kidole mezani kilirudi cheusi. Maji kwenye siterne yakashuka alama baada ya alama. Siku moja Koko alipotoa fimbo, kitambaa chekundu ndicho peke yake kilichodondosha maji.

Akaifuta fimbo kwa ukingo wa kitenge chake, akaingia ndani, akatoka na kufuli. Akafunga kifuniko cha siterne.

Kuanzia siku hiyo Kambale alikwenda ziwani na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, akarudi akiisukuma mlimani na mabidoni ya njano yamefungwa kwa mpira. Maji yalichemshwa juu ya makaa na yalikuwa na ladha ya moshi na ya dawa waliyotia pale ufukweni kwa ajili ya kolera, yaani kipindupindu. Tuliyanywa kutoka ndoo moja yenye kikombe kimoja, Koko, Kambale, Solange na mimi. Mama Solange peke yake hakunywa kwetu. Koko alimwekea jagi lake la plastiki, la bluu, limefunikwa kwa kitambaa cheupe, ndani ya chumba chake. Na alisema wazi kwamba mtu mwingine yeyote asiliguse.

Nikaanza kukusanya ushahidi. Kufuli limewekwa baada ya wageni kuja. Mgeni hanywi tena kwenye kikombe chetu. Nilikuwa nimewahi kusikia majirani wakisema kwamba watu wa kukimbia wanamaliza maji ya wenyeji, na kwamba sehemu fulani wamefukuzwa. Nilikuwa nimeona pia nyumba ambamo mtu asiyetakiwa anatengewa sahani yake. Nikaunganisha. Nikamwendea Koko alipokuwa akichagua maharage.

"Koko, juu ya nini Mama Solange ana jagi yake peke yake?"

Hakuinua macho. "Ni vile."

"Ni vile, namna gani?"

"Ni vile tu, Kahindo. Toa hii mawe mu maharage, macho yako ni mazuri kuliko yangu."

Basi nikawa na hakika. Koko amewachoka. Maji yakiisha kabisa atawaambia waende, na Solange atarudi kwenye ngazi za kanisa na mama yake mwenye tumbo kama mlima.

Mtoto akishapata jibu lake hatafuti lingine, anatafuta dawa. Yangu ilikuwa hii, kwamba nipunguze mimi ili maji yawatoshe wageni. Nilipopewa kikombe nilikunywa nusu, na nusu nikaimwaga kwenye bidoni dogo lililokuwa la mafuta ya mawese, nililolificha chini ya kitanda. Nilimwambia Solange tufanye mashindano ya kutooga, atakayeoga kwanza ameshindwa. Alikubali kwa furaha, hakuuliza sababu. Tulikuwa weusi wa vumbi la volkano mpaka shingoni, na darasani mwalimu akatusogeza karibu na dirisha.

Koko ndiye aliyeliona bidoni, akifagia. Alilitoa hadharani, akalifungua, akanusa.

"Hii maji ni ya nani?"

Nikaanza kuokota unyasi wa ufagio sakafuni.

"Kahindo. Minakuuliza."

"Ya bageni," nikasema. "Ili isiishe."

Niliona midomo yake ikitaka kusema jambo. Kisha akaangalia mlango wa chumba cha wageni, uliokuwa wazi, na Mama Solange ndani akikunja nguo. Akaufunga mdomo. Akachukua mafuta ya mgando, akanipaka midomo iliyopasuka, kwa nguvu, kama mtu anayesugua sufuria.

"Kunywa maji yako yote," akasema. "Na kesho muoge, wewe na huyo mwenzako. Munanuka kama mbuzi dume."

Ndiyo maelezo niliyopata.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri, tukiwa tumetoka shule. Ilianza upande wa ziwa, kwa harufu kabla ya sauti, ile harufu ya jiwe la moto linalomwagiwa maji. Halafu matone makubwa yakagonga mabati moja moja, na mtaa mzima ukapiga kelele. Watoto wakatoka uchi. Kambale alipanga ndoo, mabeseni, hata kofia. Solange alisimama katikati ya parsele amefungua mdomo, akipiga mluzi wake wa ng'ombe kana kwamba ndio walioleta mvua.

Hapo Koko akatoka na fimbo. Nilidhani anakwenda kufungua siterne ili tuone inavyojaa. Badala yake akaielekeza fimbo juu, akalisukuma domo la mfereji wa bati, akaligeuza upande. Maji yote ya paa letu, maji tuliyoyangojea kiangazi kizima, yakamwagika juu ya mawe nje ya siterne, meusi kama kahawa, yakaingia kwenye nyufa na kupotea.

Ng'ambo ya ua jirani yetu, Mama Chantal, alikuwa naye amesimama mvuani. Alikuwa mwanamke wa mizaha mikali, na sauti yake haikuhitaji simu.

"Eh, Koko! Leo ni maajabu! Unamwanga maji ili bageni bakufe kiu, baende haraka?"

Alicheka yeye mwenyewe. Wengine katika uzio wakacheka. Koko alikuwa bado akishindana na domo la mfereji. Lakini Mama Solange alikuwa barazani, amesimama na mkono mgongoni, na nilimwona akisikia. Aliangalia mfereji. Aliangalia kufuli. Kisha akaingia ndani.

Nilimfuata mpaka mlangoni. Alikuwa ametandaza kitenge sakafuni na kuweka juu yake gauni la Solange, sufuria yao moja, picha ya harusi iliyofungwa kwa gazeti. Aliinama kwa shida, akishika ukingo wa kitanda. Solange aliingia akidondosha maji, akaona furushi, na mluzi ukafa mdomoni.

"Mama, tunaenda wapi?"

"Tunaenda," mama yake akasema.

Nilitaka kupiga yowe. Koko alikuwa amefika nyuma yangu, kitenge chake kimelowa, fimbo mkononi. Akanisukuma kando kwa nyonga.

"Mama Solange, nani amekufukuza?"

"Hakuna, mukecuru," akasema, kwa neno la kwao la kumheshimu mama mzee. "Umetupokea vizuri. Mungu atakulipa. Lakini mutu anajua wakati."

"Wakati gani? Hiyo tumbo inajua wakati. Wewe haujui kitu."

"Nimesikia, mukecuru."

"Umesikia Mama Chantal! Mama Chantal alisema mume wangu atafufuka, juu alimuona mu ndoto amevaa viatu mupya. Tangu lini tunamusikiliza Mama Chantal?"

Mama Solange hakutabasamu. Alikuwa akifunga fundo la kwanza la furushi. Koko akapeleka mkono kiunoni, akafungua kamba ya funguo, akachomoa mmoja, mdogo, wa njano. Akaushika mkono wa Mama Solange na kuuweka humo.

"Mugongo inaniuma," akasema. "Nimechoka kuinama kila asubuhi. Kuanzia leo utachota wewe mwenyewe."

"Kuchota nini?"

"Maji yako."

Mvua ilikuwa imepungua. Mama Solange alitoka akiburuta miguu, sisi watoto nyuma yake. Akafungua kufuli, Kambale akamsaidia kuinua kifuniko. Akachukua fimbo, akaichovya, akaitoa. Kitambaa chekundu kilikuwa kimelowa nusu tu. Kando ya mdomo wa siterne, kwenye kishimo ambacho sikukijua, kulikuwa na kata ndogo ya kuchotea yenye kamba. Aliitazama ile kata. Akageuka akaangalia mabidoni ya njano ya Kambale, ndoo yetu na kikombe chetu. Akaangalia midomo yangu.

Mimi nilielewa kwa kumwangalia yeye kuelewa. Jagi la bluu lilikuwa likijazwa humu, alfajiri, kabla hatujaamka. Maji safi ya mwisho ya nyumba hiyo alikuwa akiyanywa mtu mmoja, kwa sababu ziwani kulikuwa na kolera na tumboni mwake kulikuwa na mtoto. Kufuli lilikuwa la kutuzuia sisi.

"Mukecuru," alisema Mama Solange, na sauti yake ilikuwa ya hasira kweli, "umenidanganya."

"Nimekudanganya nini?"

"Nilijua sote tunakunywa hii!"

"Na ungejua?"

"Singeikunywa!"

"Ndiyo hiyo," akasema Koko. Akaketi kwenye ukingo wa baraza kama mtu aliyetua mzigo. Akaongeza, akiangalia mawe, "Mama ya huyu Kahindo iko Butembo, anakunywa maji ya batu. Sijui banamupa ya wapi. Sijui bananyamaza ao banamuhesabia."

Mama Solange alisimama hapo na fimbo mkononi. Kisha akaingia ndani, na tukasikia fundo la furushi likifunguliwa.

Lakini hakuwa mwanamke wa kushindwa kirahisi. Jioni hiyo alimimina jagi lake lote ndani ya ndoo yetu. Asubuhi Koko alilijaza tena kabla yeye hajaamka, maana alikuwa amebaki na ufunguo wa pili. Mama Solange akalirudisha jikoni. Koko akalirudisha chumbani. Jagi la bluu lilitembea katika nyumba ile kama mgeni asiyejua pa kuketi. Mama Solange alikunywa kikombe kwenye ndoo ya ziwa mbele ya Koko, akimwangalia machoni. Koko akamnyang'anya kikombe. "Kunywa ya mvua, mutu wa kichwa ngumu!" "Nawe ukunywe, mukecuru!" "Mimi nazaa?" "Nawe ukikufa, nani atanizalisha?" Mimi na Solange tuliketi juu ya ndoo zetu zilizopinduliwa, tukigeuza vichwa huku na huku. Kambale anasema mwishowe walikuwa wanakunywa kwa zamu, mmoja akimchungulia mwenzake mpaka ameze. Mimi sikumbuki hivyo, lakini nimemwachia.

Kuhusu mvua ya kwanza, Koko alinieleza siku hiyohiyo, akishangaa kwamba mjukuu wa Murara hajui. Vumbi la volkano likioshwa kutoka kwenye bati linaharibu maji yote, yanakuwa machungu, yanaumiza tumbo. "Mvua ya kwanza ni ya kuosha nyumba," alisema. "Ya pili ndiyo yetu." Mama Chantal pia alilijua hilo, mfereji wake mwenyewe ulikuwa umegeuzwa. Alikuja kesho yake na kikapu cha viazi, akakiweka chini bila kueleza ni cha nini.

Ya pili ilikuja Jumapili, tukiwa tumevaa nguo za misa. Hakuna aliyekwenda. Koko alimpa Mama Solange fimbo. Akaiinua, tumbo mbele, mikono juu, na kulirudisha domo la mfereji mahali pake. Kwanza yalisikika matone yakianguka mbali, ndani, kwenye saruji tupu, kila moja na mwangwi wake. Kisha uzi wa maji. Kisha ngurumo. Koko alivua kilemba na kuweka sikio kwenye ukuta wa siterne. Nasi tukafanya hivyo, wote, kuuzunguka, mashavu kwenye mawe ya baridi, nguo za misa zikilowa. Sauti ilikuwa nzito, ikapanda, ikawa nyembamba zaidi kadiri maji yalivyoongezeka. Ni sauti ambayo sijapata kuisikia mahali pengine. Solange alinishika mkono.

"Kahindo," akasema, "ni kama kilima chetu kimeingia humu."

Mvua iliendelea siku zile zote. Fimbo ikatoka na unyevu kwenye alama ya nne, ya tatu, ya pili. Tulifua mablanketi. Mtoto akazaliwa asubuhi moja yenye jua, wa kike, akaoshwa na maji ya mvua yaliyopashwa moto mpaka Koko akaridhika kwa kiwiko chake. Mtaa mzima ulikuja na majina. Aitwe Mvura, yaani mvua. Aitwe Baraka ya Mungu. Mama Chantal alipendekeza jina lake mwenyewe. Mama Solange aliwasikiliza wote kwa adabu, akasema ataitwa Jeanne kama bibi yake mzaa mama, basi.

Waliondoka barabara ya Masisi ilipofunguka, wakati wa kupanda maharage. Mvua niliyoiombea ili wabaki ndiyo iliyowarudisha shambani. Solange alivaa viatu vyangu vya plastiki, ili mawe yasimkate mpaka kituoni. Kwenye kona alipiga mluzi, na mbwa wakanyamaza. Papa na Mama walirudi baadaye, wamekonda, na Koko alimwuliza mama yangu jambo moja tu kabla ya yote, kwamba huko walikokuwa walikuwa wanakunywa maji gani. Mama alisema yalikuwa mazuri, alipewa jagi lake. Koko aligeuka akaenda kupuliza moto uliokuwa tayari unawaka.

Sasa nakaa mtaa wa Mapendo, nina tangi la plastiki jeusi chini ya mfereji wa paa, na fimbo ya Koko imesimama kando yake kwa sababu inapima vizuri kuliko macho. Mabomu yamerudi upande wa Sake. Chumba cha nyuma kina mwanamke kutoka huko na mapacha wanaonyonya, na mvua imechelewa. Juma lililopita kitambaa chekundu kilitoka kimelowa peke yake. Nilinunua kufuli.

Mwanangu ni mtoto wa kuangalia. Juzi asubuhi alisimama jikoni akanitazama nikifunika jagi kwa kitambaa, na uso wake ulikuwa umefungwa kama mlango. Mgeni wetu alikuwa nyuma yake, anafagia baraza, mtoto mmoja mgongoni.

"Mama," akasema kwa sauti kubwa, ya kunihukumu, "juu ya nini huyu mama ana jagi yake peke yake?"

Ufagio ukasimama.

Nilikuwa na maelezo yote, kwa mpangilio mzuri, tangu mwanzo mpaka mwisho. Niliyahisi yakijipanga mdomoni. Nikaangalia ule ufagio uliosimama.

"Ni vile," nikasema.